Sungura wa Ulaya amelindwa. Na mama wa Beni?

Wasikilizaji wetu, juzi nilikuwa soko moja hapa Butembo, natafuta habari za bei ya unga. Nikakuta mama mmoja mkimbizi, aliyetoka upande wa Oicha, anapimiwa pomadi kwa kijiko kutoka ndani ya ndoo ndogo. Ndoo haina jina wala karatasi. Muuzaji anamwambia: "Hii ni ya asili, mama, itakupa rangi nzuri." Mama akalipa, akafunga pomadi yake ndani ya plastiki, mtoto mgongoni, akaenda.

Tangu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya umekataza kabisa kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Zamani sungura alitiwa dawa machoni ili rangi ya midomo ipate kuuzwa. Walifanya vizuri kukataza. Lakini pomadi ya ile ndoo imejaribiwa kwa nani? Kwa yule mama, na kwa mtoto anayelala juu ya ngozi yake.

Pomadi nyingi za kung'arisha ngozi zina hidrokinoni, au kotizoni kali, au zebaki. Zebaki tunaijua: ndiyo wachimbaji wanakamatisha nayo dhahabu. Ikipita kwenye ngozi inaharibu figo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unapiga vita vipodozi vyenye zebaki, na jirani zetu wa Rwanda wamekuwa wakikamata pomadi hizi madukani. Kotizoni nayo inafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, kidonda kinakawia kupona. Na kwa mtu anayeishi chini ya hema, kidonda si jambo dogo.

Neno "asili" pia lisitudanganye. Paka ndimu usoni kisha utembee juani, utaungua.

Mimi naona tuanzie kwa vitu ambavyo tunajua vimetoka wapi. Mafuta meusi ya kokwa za ngazi yako sokoni. Sabuni ya mawese inatengenezwa hapa kwetu. Na kakao? Kakao ya Beni inapita Kasindi kwa malori, na huko mbali siagi ya kakao inauzwa ndani ya vikopo vizuri vilivyoandikwa kwamba hakuna mnyama aliyeteswa. Sawa. Lakini wakulima wetu wanauawa ndani ya mashamba ya kakao, wengine wameyaacha na sasa wanalala kwa jamaa hapa Butembo. Nani ataandika habari hiyo juu ya kikopo?

Yule mama ningepaswa kumwambia haya palepale, kabla hajalipa. Sikumwambia. Nilikuwa nashika kinasa sauti, nikaendelea kurekodi bei ya unga.