Batwa wa Kahuzi-Biega: nyumba bila hati ya ardhi haitoshi

LUVUNGI – Familia zilizokimbia vita katika uwanda wa Ruzizi zinajua maana ya kulala kwa watu. Batwa wa Kahuzi-Biega wanalala kwa watu tangu miaka 50.

Mbuga iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975 toka hekta 60,000 hadi 600,000. Batwa walitolewa msituni bila kulipwa na bila kuonyeshwa pa kwenda. Leo wengi wako Kabare na Kalehe, juu ya vipande vya ardhi ya wengine. Wanalimia jirani ili wapate kula siku hiyo, na mwenye shamba akigeuza maneno, wanafunga mizigo.

Makaratasi hayakosekani. Kuna sheria ya 2022 ya kulinda Batwa. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Serikali ya Kongo iwarudishie ardhi, iwalipe, iwaombe radhi.

Lakini wazo linalopendwa ni lile la nyumba za mabati kando ya barabara, na kibanda cha ngoma kwa wageni wanaokuja kuona gorila. Nani atakataa bati? Ila nyumba isiyo na hati ni kambi tu. Na utamaduni gani huo wa kibandani, wakati dawa, asali na makaburi ya mababu viko ndani ya msitu uliofungwa?

Huko Redfern, mtaa wa Sydney, Australia, wenyeji asilia walianza kununua nyumba kupitia kampuni yao wenyewe mwaka 1973. Miaka ikapita, zikabomolewa, na mpango mpya ukatanguliza biashara. Mwaka 2014 wazee wao, mama Jenny Munro mbele, walipiga mahema hapo zaidi ya mwaka mzima, hadi serikali ikaahidi fedha kwa nyumba 62 za wenyeji. Waligombana na kampuni yao wenyewe, lakini ardhi ilikuwa tayari mikononi mwa wenyeji. Mutwa wa Kalehe hana hata hiyo.

Wengine wanasema Batwa wakirudi, msitu utaisha. Kweli, miti imekatwa sana tangu baadhi yao waliporudi 2018. Ila makala hayo yanapikia nani? Yanapikia Bukavu, na faida inabaki kwa wafanyabiashara na wenye silaha.

Basi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa popote, Batwa waitwe, wachague wenyewe mahali, na hati iandikwe kwa jina lao.