Programu ya Mishahara Ipimwe kwa Askari wa Kituo cha Mbali

Askari aliyeamriwa kulinda mpaka usiku kucha hana ruhusa ya kubishana na amri. Lakini anayo haki ya kupata mshahara wake kamili, kwa siku yake, bila kumbembeleza mtu. Haki hiyo ikivunjwa, haliumii tumbo lake peke yake. Watoto wake hurudishwa kutoka shuleni, nidhamu ya kikosi huanza kulegea, na silaha iliyo mikononi mwa mtu mwenye njaa huwa hatari kwa raia wa kwanza atakayekutana naye barabarani.

Kwa sababu hiyo yawapasa askari wa vyeo vyote kulitazama kwa makini jambo linalozungumzwa siku hizi katika wizara na makao makuu mengi, nalo ni uchaguzi wa programu za kompyuta za kuendeshea kazi za ofisi. Programu hizo huandaa mishahara, hupitisha maombi ya likizo na uhamisho kutoka meza hadi meza, huhesabu mali ya bohari, na hata husimamia kompyuta zenyewe zinapoharibika. Wauzaji ni wengi, na kila mmoja huja na jedwali refu la sifa za bidhaa yake. Je, tuzilinganishe kwa kipimo gani?

Kwanza tuzitambue. Zipo programu kubwa, kama za SAP, kampuni iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972, na za Oracle ya Marekani, ambazo huunganisha habari za watumishi, fedha na vifaa. Zipo nyingine, kama ServiceNow iliyoanzishwa mwaka 2004, ambazo husifika hasa kwa kupokea maombi na malalamiko, kuyapa namba, kuyapeleka kwa mhusika na kuonyesha yamekaa mezani kwa nani kwa siku ngapi. Tena zipo ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila fundi, kama ERPNext ya India na GLPI ya Ufaransa. Hizi mtu aweza kuzitumia na kuzirekebisha pasipo kununua leseni, ila hapana budi awe na mafundi wake mwenyewe. Zile kubwa zimekomaa, lakini gharama ya leseni na ya wataalamu wake huendelea mwaka hadi mwaka. Hakuna iliyo bora kwa kila jambo.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tuwatazame basi walionyolewa mbele yetu.

Kanada ni nchi tajiri yenye wataalamu tele. Mwezi Februari 2016 serikali yake ilianzisha mfumo wa mishahara uitwao Phoenix, uliojengwa na IBM juu ya programu ya PeopleSoft, mali ya Oracle. Ulikusudiwa kuwalipa watumishi wapatao 290,000 na kuokoa dola milioni 70 za Kanada kila mwaka. Kanuni za malipo zilizidi 80,000. Ili kubana gharama na muda, wakuu wa mradi waliondoa au kuahirisha zaidi ya kazi 100 kati ya 984 zilizotakiwa, ikiwamo ile ya kukokotoa malimbikizo. Jaribio la awali katika idara moja nalo likafutwa. Matokeo yake, makumi ya maelfu ya watumishi walipunjwa, wengine hawakulipwa kabisa, na wengine walilipwa kupita kiasi kisha wakadaiwa. Mwaka 2018 serikali hiyo ilitangaza nia ya kuuacha mfumo huo.

Katika jimbo la Queensland, Australia, mwezi Machi 2010, watumishi wa hospitali wapatao 78,000 waliingizwa katika mfumo mpya wa mishahara uliotumia programu ya SAP. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa dola milioni 6 hivi za nchi hiyo. Gharama yote ilikisiwa baadaye kufikia bilioni 1.2. Na Jeshi la Marekani je? Wizara yake ya Ulinzi ilijaribu kwa zaidi ya miaka 10 kuunganisha mishahara na kumbukumbu za askari wa nchi kavu, majini na angani katika mfumo mmoja. Ulifutwa mwaka 2010, baada ya kutumia takriban dola bilioni 1.

Yafaa msomaji aone kwamba programu zilizoshindwa huko ni zile zile zinazofanya kazi vizuri mahali pengine. Kilichopungua ni maandalizi: kanuni hazikusafishwa, majaribio yalikatizwa, na tarehe ya uzinduzi ikaheshimiwa kuliko ukweli.

Wapo watakaosema kwamba heri basi turudi kwenye daftari na bahasha. Hoja hiyo haisimami. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, fedha za mishahara zilipitia mikononi mwa makamanda, na kila mkono ukamega chake. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, askari walihesabiwa, wakapewa vitambulisho vyenye alama za vidole, na njia ya malipo ikatengwa na njia ya amri. Askari hewa wengi wakatoweka katika orodha. Kompyuta ilisaidia, lakini uamuzi ulioleta nafuu ni ule wa kwamba anayetoa amri asiwe ndiye anayegawa fedha.

Kwa hiyo twasema kwamba kipimo cha haki ni koplo aliye katika kituo cha mbali. Tuseme amepandishwa cheo mwezi Machi, akahamishwa mwezi Aprili, na barua yake ikafika makao makuu mwezi Juni. Kila muuzaji apewe mkasa huo, aulizwe programu yake italipaje malimbikizo ya miezi hiyo. Apewe pia mkasa wa konstebo aliyefariki, ambaye jina lake lapasa kutoka katika orodha na mafao yake kumfikia mjane. Aonyeshe kazi itaendeleaje mawasiliano yakikatika kwa siku tatu. Aonyeshe kama anayeingiza jina jipya aweza pia kuidhinisha malipo yake, na kama kila badiliko huacha alama ya aliyelifanya. Asiyeweza kuonyesha hayo kwa vitendo, jedwali lake lisimpe ushindi.

Katika kamati ya uchaguzi wasikae mainjinia na wahasibu peke yao. Aitwe karani wa kombania, aitwe mtunza bohari, aitwe na sajini wa kituo. Maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kisha orodha ya zamani na mpya ziendeshwe sambamba kwa miezi kadhaa, zikilinganishwa jina kwa jina, kabla ya ile ya zamani kufungwa.

Nanyi askari mnao wajibu wenu. Toeni habari zenu sahihi siku ya kuhesabiwa. Kisomeni kila mwezi kikaratasi cha mshahara. Mkipunjwa, pelekeni malalamiko kwa maandishi na mshike namba yake. Na mkizidishiwa, semeni mapema, kwa kuwa fedha hizo zitadaiwa siku ambayo zimekwisha kuliwa.