PlayStation 2 imekuwa kitu cha makumbusho, lakini hesabu ya koltani bado haijafungwa

Novemba 2024, kampuni ya Sony ya Japani ilisherehekea miaka 30 ya PlayStation kwa kutoa mashine mpya yenye rangi ya kijivu, rangi ile ile ya mashine ya kwanza ya mwaka 1994. Aina moja ya toleo hilo, PS5 Pro, ilitengenezwa kwa idadi ya 12,300 tu kwa dunia nzima. Bei yake ilikuwa karibu dola 1,000, na waliobahatika kuipata waliweza kuiuza tena kwa bei ya mara kadhaa. Ndani ni mashine mpya. Kilichonunuliwa ni rangi ya zamani.

Mashine za zamani za mchezo wa video zimekuwa biashara kubwa Marekani, Ulaya na Japani. Machi 2020, katika mnada mmoja huko Marekani, mashine ya majaribio ambayo Sony na Nintendo walikuwa wameitengeneza pamoja kabla ya kuachana iliuzwa dola 360,000. Julai 2021, kasha la mchezo wa Super Mario 64 ambalo halijawahi kufunguliwa lilinunuliwa dola milioni 1.56. Aliyelinunua hawezi hata kulicheza, maana akilifungua tu, makuta yake yamepotea.

Kwetu huku mashariki mwa Kongo, PlayStation 2 haijaingia kwenye kabati ya kioo. Bado iko kazini. Mwenye kupita katika mitaa ya Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira anazijua sali za mchezo: benchi mbili za mbao, televizioni nzito yenye mgongo, maneti iliyofungwa na kauchu sababu waya wake umeanza kukatika, na watoto kumi wanaongoja zamu. Mimi mwenyewe nilikulia katika sali kama hiyo huko Kadutu. Tulilipa franga 100 kwa mechi moja ya mpira, na mshindi alibaki kitini. Sikuwa mshindi mara nyingi.

Mashine hiyo ilifaa maisha yetu. Ile nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, ilikuja na transfo ya nje ya volti 8.5, hivyo umeme ukipanda ghafla, mara nyingi ni transfo inayokufa na mashine inabaki. Lenzi ikichoka, fundi anaifuta, anaisogeza kidogo, na ikikataa kabisa anafungua mashine nyingine iliyokufa ili atoe ya kwake. Baadaye vijana walijifunza kuweka programu kwenye karti ya kumbukumbu ya megabaiti 8 ili michezo isomwe kutoka kwa flashi, bila diski. Sony ilisimamisha utengenezaji wa PS2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155. Hakuna mashine ya mchezo iliyouzwa kuliko hiyo.

Lakini kuna jambo lingine linalounganisha mashine hii na sisi, na ndilo linalotufanya tuirudie leo. Kwa miaka mingi, katika magazeti na mikutano ya Ulaya na Marekani, vita vya hapa vimeitwa hata vita vya PlayStation. Maelezo yake ni mafupi: PS2 ilitoka mwaka 2000, ilihitaji tantali, tantali inatoka katika koltani, koltani iko Kivu, basi watu wakafa Kivu ili watoto wa London wacheze. Je, ni kweli?

Tuanze na tarehe. PS2 iliuzwa mara ya kwanza Japani tarehe 4 Machi 2000, Marekani tarehe 26 Oktoba, na Ulaya tarehe 24 Novemba mwaka huo huo. Vita ambavyo RCD iliingia navyo vilianza Agosti 1998, na vile vya AFDL vilikuwa vimeanza 1996. Mashine ambayo haijazaliwa haiwezi kuleta vita. Hiyo peke yake ingetosha kumaliza habari, ila bei ya koltani kweli ilipanda vikali mwaka 2000, ikafika kilele mwishoni mwa mwaka, na ikaanguka mwaka 2001. Na Sony kweli ilipunguza kwa nusu mashine za kwanza za Marekani, kutoka milioni moja hadi laki tano, ikisema kuna uhaba wa vipuri. Mambo hayo mawili yalitokea pamoja, na watu wakayaunganisha.

Hesabu yenyewe haikubali. Mwaka 2000 dunia ilinunua simu za mkononi karibu milioni 400. PS2 za mwaka huo zilikuwa milioni chache tu. Simu, kompyuta za kubeba na mashine za mchezo za kizazi kile zote zilitumia kondensateri za tantali, kile kipande kidogo chenye kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, lakini mwenye kiu kubwa alikuwa simu. Zaidi ya hapo, madini mengi ya tantali ya wakati ule hayakutoka Kongo. Yalitoka Australia, katika machimbo ya Greenbushes na Wodgina ya kampuni Sons of Gwalia, ambayo ilikuwa na mikataba ya miaka mingi na wanunuzi wake. Viwanda vilipoogopa kukosa tantali, kila kimoja kiliagiza zaidi ya mahitaji yake. Ya Australia ilikuwa imekwisha kuahidiwa. Kilichobaki ni soko la siku kwa siku, dogo, lisilo na mikataba, na huko ndiko koltani yetu ilikuwa inauzwa. Ndiyo sababu bei iliruka huku kuliko kwingine, na ndiyo sababu ilianguka kwa kishindo viwanda vilipogundua kwamba ghala zao zimejaa.

Wenye umri wa kukumbuka wanajua miezi hiyo ilivyokuwa. Watu wa Masisi, Walikale, Kalehe na Shabunda waliacha mashamba. Wanafunzi waliacha masomo. Ndege ndogo zilipeleka bia na sabuni msituni na kurudi na mifuko ya mchanga mweusi. Katika mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo UNESCO ilikuwa imekwisha kuiweka tangu 1997 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, wachimbaji waliishi kwa nyama ya pori, na tembo na sokwe wa nyanda za chini ndio waliolipa. Halafu bei ikaanguka, na wengi wakabaki na madeni ya chakula na vifaa walivyokopa kwa wanegosiya.

Sasa, nani alishika makuta? Hapa ndipo maelezo ya vita vya PlayStation yananiudhi, sababu yanamweka mtoto mwenye maneti mahali pa mshitakiwa na kuwaacha wengine waende zao. Novemba 2000, RCD-Goma iliunda kampuni iliyoitwa SOMIGL na kuipa peke yake haki ya kusafirisha koltani. Kodi ilikuwa dola 10 kwa kila kilo. Kiongozi wa RCD wa wakati ule, Adolphe Onusumba, alisema wazi kwamba koltani iliwaingizia karibu dola milioni moja kwa mwezi. Miezi michache baadaye, Aprili 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Walikadiria kwamba jeshi la Rwanda lilipata angalau dola milioni 250 kutokana na koltani katika miezi 18. Kigali ilikanusha. Ripoti hiyo ilitaja pia Uganda na Burundi, wafanyabiashara, mashirika ya ndege na wanunuzi wa Ulaya. Mashine ya mchezo ilikuwa mwisho kabisa wa mnyororo huo, pamoja na simu ambayo hata wewe msomaji uliiota wakati ule.

Sisemi kwamba Sony ao mtengenezaji mwingine yeyote wa wakati ule ana mikono misafi. Mwaka 2000 hakuna kampuni ya elektroniki iliyolazimika kuuliza madini yake yanatoka wapi, na isiyolazimika kuuliza haikuuliza. Hilo ni tofauti na kusema kwamba mchezo ndio uliowasha moto.

Turudi kwa wakusanyaji, maana wao wana tabia moja ninayoiheshimu: wanafungua mashine. Mkusanyaji wa kweli hatosheki na sanduku. Anajua kwamba PS2 yenye maandishi SCPH-39004 ni ile nene iliyouzwa Ulaya, na kwamba namba ya mwisho ndiyo inayotaja soko: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 4 ni Ulaya. Anajua pia adui mkubwa wa mashine za zamani ni kondensateri. Zile za alumini zina maji ya kemikali ndani, na baada ya miaka 20 ao 30 zinavuja na kula njia za shaba za karti. Game Gear ya Sega, ya mwaka 1990, inajulikana kwa ugonjwa huo: sauti inapotea kwanza, halafu picha inafifia. Xbox ya kwanza, ya 2001, ina kondensateri moja ya saa ambayo mafundi wanashauri itolewe kabla haijamwaga maji yake, hata kama mashine inatembea vizuri.

Ile ya tantali ni kavu. Haivuji. Kwa sababu hiyo baadhi ya mafundi wa Ulaya na Marekani wanaotengeneza mashine za zamani wanaondoa za alumini na kuweka za tantali, mpya, zinazouzwa katika vifurushi vidogo pamoja na maelezo ya mahali pa kuunganisha. Basi hata kazi ya kuokoa mashine kuukuu inanunua tantali ya leo. Ni gramu chache, siwezi kusema ndiyo inayosukuma soko. Lakini mtu anayejua mwezi na kiwanda cha karti iliyo mbele yake hawezi kujua kile kipande kipya cha njano anachokiunganisha kilichimbwa mlima gani.

Sheria zipo. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha ile tuliyoizoea hapa kwa jina la Sheria ya Obama, inayolazimisha kampuni zilizo kwenye soko lake la hisa kutoa ripoti juu ya bati, tantali, wolfram na dhahabu kutoka Kongo na majirani zake. Sony, ambayo hisa zake zinauzwa New York, inatoa ripoti hiyo kila mwaka. Septemba 2010, rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na kwa miezi sita wachimbaji wadogo walikaa bila kazi. Wengi hadi leo wanailaumu sheria ya Marekani kwa njaa ya msimu ule. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Januari 2021, lakini inawahusu wanaoingiza madini na metali, si wanaoingiza vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Mashine ya mchezo inayofika Antwerp ndani ya sanduku lake haiulizwi kitu. Na ile ya okazioni, inayotoka Antwerp kuja kwetu, nani angeiuliza?

Wakati huo, kule Masisi, mambo yamerudi karibu pale pale. Machimbo ya Rubaya, ambayo yanatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, yako mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka huo huo kwamba waasi wanakusanya huko karibu dola 800,000 kwa mwezi kwa njia ya kodi za uzalishaji na biashara. Weka namba hiyo karibu na ile milioni moja ya Onusumba. Kati yao kuna miaka 24, PlayStation tatu mpya, na sheria mbili za kimataifa. Njia ya kuchukua makuta haikubadilika: unasimama barabarani, unapima mfuko, unahesabu kilo.

Kila mfuko wa koltani iliyo halali unatakiwa kufungwa na lebo yenye namba tangu kwenye shimo. Kila PS2 ina namba yake chini ya tumbo. Mfuko ukifika kwenye kiwanda cha kuyeyusha, mchanga wake unachanganywa na wa Brazil, wa Nigeria, wa Australia, na lebo inabaki na kazi ya kujaza faili. Kutoka hapo hakuna anayeweza kurudi nyuma mpaka shimoni, hata akiwa na mashine mezani na bisibisi mkononi.

Katika duka dogo la fundi mmoja huko Birere niliona rundo la PS2 zilizokufa, zimepangwa kama matofali mpaka dirishani. Hazitupi. Lenzi zimekwisha kutolewa, feni pia, na transfo zimeuzwa kwa watu wa redio. Karti zenyewe zinabaki, na mara moja moja anachomoa kutoka humo kipande kimoja kidogo ili afufue mashine ya sali ya jirani.