Ghala la Chakula Kijijini

Katika nchi ya pwani ya kusini, tangu Mikindani na Mtwara hata mdomo wa mto Ruvuma, mvua huanza kunyesha mwezi wa Desemba na hukoma Aprili au Mei. Wakati wa mavuno chakula huwa tele: mahindi, mtama na kunde hutoka mashambani, na mpunga hutoka bonde la Ruvuma. Walakini ifikapo Januari na Februari, mashamba yakiwa mabichi na masuke hayajakomaa, nyumba nyingi hupunguza chakula, na watoto huenda shule bila kula. Je, njaa hiyo yatoka wapi? Mara nyingi haitoki shambani. Hutoka katika miezi iliyo kati ya mavuno na mavuno, maana chakula kilichopatikana kimeuzwa upesi kwa bei ndogo, au kimeliwa na wadudu, au kimeoza.

Wazee walilijua jambo hili. Walijenga ghala juu ya nguzo, wakatundika mahindi juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Muhogo mwingine waliuacha ardhini, na mwingine waliukausha kuwa makopa. Na adui naye alilijua. Katika vita vya Maji Maji, tangu 1905 hata 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala huko Ungoni, Umatumbi na kwingineko kusini. Watu wengi mno walikufa, na wengi wao waliuawa na njaa, si kwa risasi. Mwenye kuteketeza ghala ajua kwamba nguvu za watu zimo humo.

Baadaye vikajengwa vitu vikubwa, lakini kwa kusudi jingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mahali pake pamoja. Bandari ya Mtwara na reli zilijengwa ili karanga zipelekwe ng'ambo, Waingereza wapate mafuta ya kula. Paundi zaidi ya milioni 30 zilipotea. Mradi uliachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Bandari ingalipo, na faida yake ni kubwa. Walakini kazi ile yote ilikuwa ya kukitoa chakula, si ya kukiweka.

Hata leo ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima huleta korosho zake, hupimwa kwa mizani, huwekwa ghalani, naye hupewa hati. Huu ni utaratibu mwema. Lakini ni ajabu kwamba korosho, ambayo nyingi yake huenda India na Vietnam, ina ghala, mizani na kitabu, na mtama wa watoto umelala katika gunia lililotoboka.

Wako wasemao, "Fedha za korosho zitanunua chakula." Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Fedha hupatikana mwisho wa mwaka, na mara huisha kwa madeni na karo. Chakula nacho hupanda bei wakati ule ule ambapo njia za vijijini zimekuwa matope na magari hayapiti. Tena mkorosho wenyewe hushindwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishwa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa mbaya, na ugonjwa wa ubwiri unga uliipata miti. Mwenye fedha bila akiba ya chakula amesimama kwa mguu mmoja.

Basi yafaa kila kijiji kijenge ghala la chakula. Si lazima liwe kubwa. Liinuliwe juu ya ardhi, liwe na paa lisilovuja, tena safi. Nafaka ikaushwe hata punje ikiumwa kwa meno ivunjike kwa kishindo, maana nafaka mbichi hushika kuvu, na kuvu nyingine ni sumu. Yuko pia mdudu aitwaye dumuzi, aliyeonekana Tanzania mara ya kwanza karibu na mwaka 1980. Hula mahindi, wala makopa hayamshindi. Dawa yake moja ni mfuko maalumu usiopitisha hewa. Ukifungwa vema, mdudu hukosa pumzi akafa. Watu wa pwani, kama wale wa Msimbati, nao wakaushe samaki wao vizuri, wabadilishane na wakulima wa bondeni.

Wengine wataogopa wizi, na hofu yao si bure. Kwa hiyo mlango uwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa wanawake ndio wajuao kibaba cha kila siku. Kila gunia liandikwe, na kitabu kisomwe mbele ya watu wote kila mwezi.

Methali yasema, akiba haiozi. Lakini akiba isiyokaushwa huoza, na isiyolindwa huibwa. Kijiji kitakachojifunza kuitunza kitafika Februari na unga ungalipo.