Unyuzi wa Mwanga: Modi au Njia?

Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, Wakenya wengi huita kila kinachopitisha intaneti kwa mwanga faiba au mkonga. Watanzania nao wana Mkongo wa Taifa. Majina haya yanamtosha mlipa bili. Hayamtoshi mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kitui, kwani yanaficha tofauti kubwa iliyomo ndani ya kitu chenyewe.

Unyuzi wa masafa marefu una kiini chembamba mno, takriban mikromita 9, na mwanga hupita humo kwa namna moja tu. Aina ya pili ina kiini cha mikromita 50 au 62.5, ambamo mwanga husafiri kwa mamia ya namna kwa wakati mmoja. Upana huo hurahisisha kuuingiza mwanga kutoka katika chanzo cha bei nafuu. Ndiyo maana aina hii hutumika majengoni. Kasoro yake ni kwamba namna hizo hazifiki pamoja, na kadiri unyuzi unavyorefuka ndivyo ujumbe unavyotawanyika.

Tafsiri inayomjia mtu upesi ni "unyuzi wa njia nyingi". Inapendeza, lakini inapotosha. Msomaji atadhani mna vijia vilivyotengana, ilhali namna hizo huingiliana. Ukipitisha picha upande mmoja, upande wa pili hutoka madoadoa matupu. Watafiti wamefaulu kupima jinsi unyuzi unavyoivuruga picha, kisha kompyuta ikairejesha. Kwa mbinu hiyo unyuzi mwembamba kama unywele unaweza kuchungulia ndani ya tishu za mwili. Neno "njia" haliwezi kubeba dhana hiyo. Hapa hapana budi kutohoa: modi, na unyuzi wa modi nyingi.

Kwa upande wa faiba, hata hivyo, kukopa ni uvivu. Makueni ina mashamba ya katani Kibwezi, na wasusi wa vyondo wa Ukambani hawahitaji kufunzwa unyuzi ni nini. Mkonga nao, kwa wakazi wa Mtito Andei walio jirani na Tsavo, bado ni pua ya tembo, tena tembo aingiaye shambani.

Atakayedai kuwa haya ni mabishano ya wanaisimu tu na alitazame Bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui. Katika mabwawa kadhaa duniani, unyuzi hulazwa ndani ya ukuta na mpigo wa mwanga hupitishwa humo. Mwanga unaorudi hueleza halijoto ya kila sehemu, na maji yanayopenya huibadilisha halijoto hiyo. Kwa kazi hii unyuzi wa modi nyingi hutumika sana. Iwapo kifaa kama hicho kitawekwa Thwake, wakulima walio chini ya ukuta watastahili kuelezwa kinachopimwa, na kwa lugha ambayo Katiba ya 2010, ibara ya 7, imeitambua kuwa ya taifa na rasmi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viketi na idara za fizikia sasa, kabla mhandisi hajalazimika kujibunia maneno mbele ya baraza la chifu.