Tumeinama Sana, Mvunguni Hamna Kitu

Nishachoka na hizi video. Jamaa kavaa suti, nyuma yake dirisha la gorofa refu, anakukazia macho kwenye simu: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama huna kazi, jiulize CV yako ikoje, na mtandao wako wa watu ukoje." Halafu mwisho anakuuzia darasa la kuandika CV, lipa kwa M-Pesa.

Mimi nataka nimjibu nikiwa huku Kwale. Kaka, tumeinama. Tumeinama mpaka migongo inatuuma. Lakini tukifika mvunguni tunakuta kitu kishatolewa, na bado tunaambiwa tuiname zaidi.

Ngojeni niwape kisa changu kwanza, kisha tubishane.

Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo. Sina la kuficha. Nikarudi nyumbani Msambweni, nikaanza kushuti video kwa simu: harusi, mapishi, wavuvi wakirudi asubuhi. Siku moja naona kwenye grupu la WhatsApp, hoteli moja ya Diani inatafuta mtu wa kupiga picha na kuendesha kurasa zao za mitandao. Mwisho wa kupokea maombi, Ijumaa. Nikaingia saiba, nikachapisha CV, kopi ya kitambulisho, kopi ya vyeti, bahasha ya kaki. Jumatano asubuhi nikapanda matatu mpaka Ukunda, boda mpaka getini. Mia tano hivi ishakwenda, na nilikuwa nimeikopa.

Soja wa pale ni mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama bahasha, akacheka. Si kwa ubaya.

"Kijana wangu, huyo mtu alianza kazi Jumatatu."

Jumatatu! Na tangazo linasema Ijumaa. Nikamuuliza kampatikana vipi. "Ni wa kwao huko ndani." Basi, ikaishia hapo.

Sasa wewe mwenye suti niambie, CV yangu ilikosea wapi? Bahasha yenyewe haikufunguliwa. Ningeweka fonti gani, rangi gani, maneno gani ya kujisifu, ili karatasi iliyo ndani ya bahasha iliyofungwa imshinde mtu aliyekwisha pewa sare?

Hicho unachokiita "kujenga mtandao" sisi huku twakiita kujuana, na hatukuhitaji kufundishwa. Mtoto wa Msambweni anajua kabla hajamaliza darasa la nane kwamba kazi hutangazwa mezani kwa mtu wakati wa chakula cha usiku, halafu ndiyo hubandikwa ukutani. Anajua na ile nyingine pia, mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo ukija kumwambia "jenga mtandao", ni kama unamwambia mtu aliyezaliwa nje ya ua kwamba siri ya kula ni kuzaliwa ndani ya ua. Asante, tumeelewa. Tufanye nini sasa?

Na wakikosa jibu, wana jibu lao la akiba: "Vijana wa pwani wavivu." Hili nalisikia tangu niko mdogo. Mvivu haamki saa kumi usiku kwenda kusukuma ngalawa. Mvivu haendi na kurudi ufuoni juani kutwa nzima akimuuzia mgeni safari ya mashua. Ukitaka kujua nani mvivu, muulize aliyeajiri bila kufungua bahasha hata moja. Yule ndiye aliyekwepa kazi yake.

Tena wanasema sifa ndizo zinazoangaliwa. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi, ikasema imekuta vyeti bandia 2,067. Elfu mbili na zaidi! Hao nao waliketi mbele ya mtu, faili zao zikapita, wakapewa kiti na mshahara. Sisemi wote waliingia kwa kujuana. Nasema hivi: usinipigie kelele kuhusu koma iliyokosekana kwenye CV yangu wakati mlango wa nyuma umepitisha watu elfu mbili na karatasi za uongo.

Najua kuna watakaosema hoteli ni mali ya mtu, ataajiri amtakaye. Sawa. Kama ushampata wa kwenu, usibandike tangazo. Usimfanye mtoto wa mwenzio akope nauli kuja kukupambia geti. Heri ukae kimya, kuliko kututangazia kazi ambayo haipo.

Lakini kazi za umma si mali ya mtu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 66, inasema nafasi ikitaka kujazwa, Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti itangaze kwa njia zitakazofikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale walio katika hali ya kusahaulika. Hasa hao! Maana yake mtu wa Kinango, mtu wa Vanga, asiyekuwa na bando. Na Katiba yenyewe, kifungu cha 232, inataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa sifa. Ukiona nafasi imejazwa kimyakimya, usiishie kusonya. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Andika barua, iulize ilitangazwa lini na wapi. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala. Barua hiyo ni kazi ya jioni moja tu, na darasa la CV halitakufundisha.

Haya. Sasa nigeuke upande wetu, maana mkinipigia makofi mkaondoka hapo, mtakuwa mmenisikia nusu.

Sisi wenyewe tuna unafiki. Tunakulaani kujuana mpaka siku binamu apate umeneja. Siku hiyo kujuana kunakuwa baraka. Tukisikia nafasi tunanong'onezana: usimwambie mtu. Tunaibana habari ya kazi kama mtu aliyeficha samaki, na wote tunajua samaki aliyefichwa mwisho wake nini.

Na hiyo siri haitusaidii hata sisi. Kuna msomi Mmarekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha utafiti wake juu ya watu waliobadilisha kazi karibu na mji wa Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, aliuliza: huyo mtu ulikuwa ukimwona mara ngapi? Waliomwona mara nyingi hawakufika hata watu 2 kati ya 10. Waliobaki, zaidi ya 8 kati ya 10, walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja au kwa nadra sana. Mwaka 2022 watafiti wengine wakachapisha katika jarida la Science kazi iliyofuatilia watu kama milioni 20 kwenye LinkedIn, na wakaona mambo yanayokaribiana na hayo: marafiki wa mbali kidogo ndio huleta kazi mpya kuliko marafiki wa damu.

Sababu yake ni rahisi, hata bibi yangu angekwambia. Watu wako wa karibu wanajua unachokijua. Mko baraza moja, mnasikia habari moja. Mtu wa mbali kidogo, fundi wa mtaa wa pili, mama wa viazi karai nje ya hoteli, dereva wa tuktuk, huyo anasikia baraza nyingine.

Angalieni kilichotupata hapa kwetu. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mpaka Agosti, na Diani ikazima. Nyumba ambazo baba ni wa hotelini, kaka ni wa hotelini, shemeji ni wa hotelini, zote zilikosa unga wiki moja. Mwisho wa Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium ukamaliza uchimbaji huku kwetu, mamia ya watu wakarudi nyumbani. Aliyekuwa anajuana na watu wa mgodini peke yao alibaki na nambari za simu za watu wanaotafuta kazi kama yeye. Mtandao wa watu wa chungu kimoja, chungu kikipinduka, mnalala njaa wote. Damu nzito kuliko maji, sikatai. Lakini damu peke yake haikuambii kwamba Shimoni kuna mtu anatafuta fundi.

Narudi kwa yule soja. Aliponiona nimenywea, akaniambia: "Wewe kupika hujui? Hoteli ile ya mbele, jikoni wanatafuta watu. Hawajatangaza, na hawatatangaza." Mimi kupika sijui, chai tu. Lakini mtaani kwetu kuna dada mmoja kasomea upishi, tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. Nilipofika nikambishia hodi, nikamwambia. Binamu zangu wawili walinikasirikia siku nzima, kwa nini sikuwaambia wao. Hawajui hata kukata kitunguu!

Yule dada akaenda kesho yake alfajiri, akajaribiwa siku tatu, akapewa mkataba wa sizoni. Miezi minne baadaye ananipigia simu: kuna mwenye mashua anapeleka wageni Wasini, anataka video. Ile ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kulipwa pesa ya maana. Sikuipata kwa mjomba. Soja nisiyemjua jina alimpa habari mtu wa kumwamkia tu, na habari ikazunguka ikarudi.

Huo ndio mtandao ninaoutetea, unaopitisha habari kwa anayeweza kazi, hata kama si wa kwenu.

Na CV? Andika, tena andika vizuri. Sikusema haina maana, nimesema haivunji mlango uliofungwa. Mlango ukifunguliwa nusu, inakusaidia kuingia. Lakini andikeni ukweli wenu, si ule uongo wa kukopi saiba. Namjua jamaa wa ufuoni anaongea Kijerumani na wageni kutwa, anawapigia stori mpaka wanacheka machozi. CV yake imeandikwa: anapenda kusoma na kutazama mpira. Kijerumani hamna! Nikamuuliza kwa nini, akanijibu, "Kile si cha shule." Kaka, kile ndicho cha kazi! Umepika harusi ya watu mia tatu, andika. Umeendesha tuktuk miaka miwili bila ajali, andika. Umeuza samaki ukaweka hesabu, andika. Kurasa moja au mbili, nambari ya simu inayopatikana, na watu wawili watakaopokea simu na kusema ulifanya kazi kweli.

Mitandao nayo, tuitumie kama watu wazima. Nusu yetu kurasa zetu ni za kucheza ngoma na kutukanana. Chezeni, hata mimi nacheza. Lakini weka na kazi yako hapo. Kama unasuka, weka mitindo. Kama ni fundi wa friji, onyesha friji iliyokufa na ilivyofufuka. Mtu wa mbali hawezi kukutaja mahali kama hajui unaweza nini. Na yeyote anayekuomba pesa ya "usajili" ili akupe kazi, huyo hana kazi. Kazi yake ni wewe.

Kwa hiyo mwenye suti, nakurudishia methali yako. Tutainama, ndiyo. Lakini kwanza washeni taa tuone mvunguni kuna nini.

Na nyinyi mlio ndani, wa jikoni, wa mapokezi, wa hospitali, wa ofisi za kaunti: siwaombi mniajiri. Nawaomba mkisikia nafasi, mtume ujumbe kwa watu watatu msiokuwa na undugu nao. Kabla ya tarehe ya mwisho, si baada. Kisha wa kwenu naye ashindane. Kama anaweza, mnaogopa nini?

Mimi nimeshaanza. Nafasi yoyote nikiisikia kati ya Likoni na Lunga Lunga, inakwenda kwenye stetasi yangu siku hiyohiyo, hata kama binamu yangu anaitaka. Atakasirika. Nimeshamwambia ajifunze kukata kitunguu.