Anayetaka Kuhudumia Macho Asifungiwe Darasani

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotangazwa, nyumba nyingi za Kisii na Nyamira huanza hesabu upya: mtoto amepata nini katika Biolojia, amepata nini katika Kemia, na ni kozi gani ya afya itakayompokea. Udaktari na uuguzi hutajwa kwanza. Siku hizi optometria nayo imeingia katika mazungumzo hayo, taaluma ya kupima uwezo wa macho kuona, kuagiza miwani inayofaa na kugundua mapema maradhi kama presha ya macho. Hesabu hiyo huzaa swali la nyuma yake: mwanafunzi anayeilenga kozi hii aiishi vipi miaka yake ya sekondari? Ajifungie na vitabu, au aendelee pia na mpira, kwaya, drama na klabu ya afya? Jibu la shule nyingi, hata kama halijaandikwa popote, ni kwamba michezo na vilabu vingoje mpaka mtihani upite. Naliona jibu hilo kuwa baya. Siwatetei tu watoto waliochoka, ingawa wamechoka kweli. Hoja yangu inatoka katika kazi yenyewe ya macho.

Kwanza tukiri jambo ambalo mtetezi wa michezo hana haki ya kulikwepa. Nchini Kenya, anayeomba nafasi kupitia KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo, hupimwa kwa gredi. Masomo manne ya kundi la kozi huhesabiwa pamoja na jumla ya masomo saba, na kilele cha alama za kundi ni 48. Kwa kozi za aina hii masomo yanayobeba uzito ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, pamoja na lugha. Hakuna mahali katika fomu pa kuandika kwamba mwombaji alikuwa nahodha wa voliboli au kwamba aliimba katika tamasha la muziki la kitaifa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, kinachofundisha shahada ya optometria, hakimwiti kijana wa Nyamira kwa mahojiano ili kumjua ni mtu wa namna gani. Kwa kiwango cha diploma, KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, nacho hutazama gredi, na waombaji wake sasa hupitia mfumo huo huo wa KUCCPS. Kwa hiyo anayemwambia mwanafunzi kwamba cheti cha klabu kitaziba pengo la D katika Kemia anampotosha, na upotoshaji huo unaweza kumgharimu miaka.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya sauti nyingine inayofika Gusii, yaani Kisii na Nyamira, kwa simu. Minnesota, Marekani, ina jamii kubwa ya watu waliotoka Kisii na Nyamira, na wengi wao wanafanya kazi za afya. Shangazi au mjomba aliye huko humwambia mpwa wake atafute saa za kujitolea, amfuate mtaalamu wa macho kazini, ajiunge na vilabu, kwani bila hivyo hapokelewi. Shauri hilo ni la kweli kwa mahali lilikotoka. Vyuo vya optometria vya Marekani huchukua watu waliokwisha kusoma chuo kikuu, huwafundisha kwa miaka minne zaidi, na hutazama mambo mengi kwa pamoja: alama za shahada, mtihani wa kujiunga uitwao OAT, barua za walimu, mahojiano, na saa ambazo mwombaji amekaa kando ya mtaalamu akiangalia kazi inavyofanywa. Shauri hilo likimfikia mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Keroka bila maelezo, linamtuma kukusanya vyeti ambavyo mfumo wake hauvisomi. Hata hivyo lina swali lenye thamani ndani yake. Kwa nini vyuo vinavyoweza kuchagua kwa alama tupu vijisumbue kumtafuta mtu nyuma ya alama?

Jibu linapatikana katika chumba cha kupimia macho. Mashine ipo, lakini sehemu kubwa ya kipimo hutegemea majibu ya mgonjwa. Mtaalamu hubadilisha lenzi na kuuliza: hii au ile, ipi inaonyesha vizuri zaidi? Mgonjwa mwenye haya hujibu ili kumridhisha mtaalamu. Mzee asiyejua kusoma hudhani anajaribiwa, naye hukaa kimya. Mtoto hubahatisha. Asiyejua kuuliza kwa upole, kurudia swali kwa maneno mengine na kusikiliza kusitasita kwa mtu, ataandika miwani isiyofaa hata kama alipata A katika Fizikia na anaijua njia ya mwanga ndani ya lenzi kuliko wenzake wote. Stadi hiyo haipatikani katika karatasi za mtihani za miaka iliyopita. Hupatikana pale kijana anapolazimika kufanya kazi na watu: katika mdahalo, katika kwaya ambamo sauti moja ikitangulia wimbo unaharibika, katika timu inayoshindwa leo na kesho inabidi ifanye mazoezi tena, katika zamu za kumsaidia muuguzi wa shule.

Na watu wanaomngoja mtaalamu huyo Gusii wanajulikana. Hizi ni kaunti za majani chai. Kuanzia Kebirigo hadi Nyamache, wanaochuma ni watu wazima, na wengi wamevuka miaka 40, umri ambao jicho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Mwaka wa 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu walizidisha mavuno yao kwa karibu asilimia 22 kuwapita wenzao ambao hawakuwa wameipata bado. Miwani ya aina hiyo si ghali. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumfuata mkulima, kuzungumza naye kwa Ekegusii, na kumshawishi kwamba macho yake hayajazeeka kiasi cha kukata tamaa. Tukiwafunza watahiniwa bora ambao hawajawahi kufanya lolote pamoja na watu wasiofanana nao, tutapata wataalamu watakaofungua duka la miwani mjini Kisii na kumngoja mteja aje mwenyewe.

Upande wa pili wa hoja unahusu macho ya wanafunzi wenyewe. Huko Guangzhou, China, watafiti waliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ilhali katika shule zilizoendelea na ratiba ya kawaida ilikuwa asilimia 39.5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2015. Ni kweli kwamba China ina tatizo hilo kwa kiwango kikubwa kuliko Afrika, na kwamba utafiti ulihusu watoto wadogo. Lakini desturi ya kuwabana watoto darasani tangu alfajiri haianzi kidato cha kwanza. Katika shule nyingi za msingi za kibinafsi huanza mapema sana, katika umri ule ule uliochunguzwa. Inauma kuona mtoto anayeota kuwa mtaalamu wa macho akinyimwa mwanga wa jua kwa jina la ndoto hiyo.

Hapa huzuka pingamizi kubwa: mshika mawili moja humponyoka. Kila saa ya uwanjani, wanasema wazazi na walimu, ni saa iliyoondolewa katika Kemia. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama saa hizo zingekuwa mali ya Kemia tangu mwanzo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 ziliweka masomo ya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha zikatenga muda kuanzia hapo hadi saa kumi na dakika 45 kwa shughuli za ziada. Hiyo ni saa moja na robo kila siku ya shule, iliyotolewa na sheria. Shule inayoijaza kwa kipindi kingine cha mazoezi ya mtihani inachukua kisicho chake. Na faida ya kuijaza hivyo ni ndogo kuliko tunavyoambiwa. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilipopitia tafiti 50 kuhusu mazoezi ya mwili shuleni na masomo, katika ripoti yake ya 2010, kilikuta kwamba karibu nusu ya mahusiano yaliyopimwa yalionyesha manufaa kwa masomo, karibu nusu hayakuonyesha tofauti ya maana, na yaliyoonyesha madhara yalikuwa asilimia 1.5 tu. Saa ya uwanjani, basi, si mwizi wa gredi. Mwanafunzi anayesinzia katika prepu ya usiku hajifunzi kwa sababu tu amekaa mbele ya kitabu. Na eneo lililomzaa Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Mexico mwaka wa 1968, lisingepaswa kuhitaji kukumbushwa thamani ya mazoezi.

Pingamizi lingine nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa kuwa linatoka kwa maskini. Shughuli za ziada, wanasema, ni za shule zenye mabasi na viwanja. Mwanafunzi wa shule ya kutwa huko Bobasi au Borabu akitoka darasani ana maji ya kuteka, ng'ombe wa kulisha na pengine nyanya wa kuuguza. Hii ni kweli, na ndiyo sababu saa ile ya kisheria ilindwe ndani ya ratiba ya shule, isiachwe kuwa biashara ya jioni au ya likizo. Ikiwa nje ya ratiba, wenye nauli tu ndio watakaoifaidi. Isitoshe, tusidhani kwamba shughuli yenye maana ni ile yenye kombe na sare. Anayempeleka nyanya yake kliniki ya macho, akamsomea maagizo ya dawa na kumtilia matone kwa saa zinazotakiwa, anajifunza jambo ambalo mihadhara itampa jina tu baadaye. Makanisa nayo yana utajiri ambao hatuuhesabu: kwaya za Kiadventista na za Kikatoliki, na Watafuta Njia, klabu ya vijana wa Kiadventista wanaofunzwa huduma ya kwanza, ni shule za nidhamu zisizodai karo.

Ninachokitetea kina mipaka, na mipaka hiyo ni mikali. Mwanafunzi anayelenga optometria achague shughuli moja, adumu nayo tangu mwanzo wa sekondari, na asiiache iguse vipindi vya maabara. Biolojia, Kemia na Fizikia zina karatasi za vitendo katika KCSE, na hakuna daftari la rafiki litakalomfidia aliyekosa kushika vifaa kwa mikono yake kwa sababu timu ilikuwa safarini wiki mbili. Afikapo mwaka wa mwisho apunguze mashindano ya mbali, abaki na mazoezi ya nyumbani. Hisabati asiipuuze hata kidogo, kwani tangu matokeo ya 2023 gredi ya wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Aliyeanguka Hisabati hana pa kuificha. Na mwalimu anayemtumia mchezaji hodari kuipatia shule kombe huku akijua gredi zake zinaporomoka anamdhulumu mtoto sawa na yule anayefunga uwanja.

Mtaala mpya unatupa nafasi ya kuyaunganisha haya. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka wa 2027. Wale walioanza Gredi ya 10 Januari 2026 wanatakiwa kujifunza utumishi kwa jamii kama sehemu ya masomo yao ya lazima, na alama zilizowafikisha hapo hazikutoka katika mtihani mmoja: katika matokeo ya KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari ya chini, tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20. Hofu yangu ni kwamba utumishi huo utageuzwa kuwa ripoti za kunakiliwa usiku wa kuamkia siku ya kuzikabidhi. Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na mfano hauko mbali. Katika Trans Nzoia, Dkt Hillary Rono na wenzake waliwapa walimu wa shule 50 jukumu la kupima macho ya zaidi ya wanafunzi 20,000. Katika nusu ya shule hizo walimu walitumia simu za kisasa zenye Peek, programu ya kupimia macho, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba asilimia 54 ya watoto waliokutwa na tatizo katika shule hizo walifika hospitalini, dhidi ya asilimia 22 katika shule zilizotumia chati ya kawaida na barua. Waliofanya kazi hiyo walikuwa walimu, wala si madaktari.

Wanafunzi wa Gredi ya 10 na ya 11 wanaweza kuwasaidia walimu wao kufanya upimaji kama huo katika shule za msingi za jirani, kwa idhini ya wazazi na chini ya usimamizi wa kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ni Kisii au Nyamira. Kazi kama hiyo inatosha ndani ya saa moja na robo ya alasiri, haihitaji basi, na itamfundisha anayetaka optometria kama kweli anaipenda au anaifuata tu kwa kuwa gredi zake zinamfikisha. Wakurugenzi wa elimu wa kaunti hizi mbili waanze kwa kuzitaka bodi za shule zibandike ratiba ya alasiri langoni, ili mzazi yeyote apitaye aone kama saa tisa na nusu milango ya madarasa inafunguliwa.